Mistari Minne

Mkewe alimuuliza chai au kahawa, na kapteni akashindwa kujibu.

Alisimama katikati ya jiko akiwa na sare yake, mistari minne ya dhahabu kila bega, analiangalia birika kama mtu anayeangalia ukuta. "Yoyote," alisema mwishowe. Mkewe akamimina chai. Hata angemimina maji ya kuoshea vyombo, siku hizi mume huyu angekunywa na kushukuru.

Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, naye hakujisumbua kuusugua. Mapacha wake walipotaka ruhusa ya kwenda kuogelea na wenzao, aliwaambia wamuulize mama yao. Lakini baba gani hasemi hivyo? Hakuna aliyeshtuka.

Shirika jingine la ndege lilikuwa limemwita. Ndege mpya, safari fupi, kila jioni nyumbani. Tatizo lilikuwa moja, na kila mwenye ndugu rubani analijua: ukihama shirika, unakwenda kusimama mwisho wa foleni. Hata uwe umeruka mpaka nywele zimeota mvi, kule unavuliwa mstari mmoja, unaondolewa kiti cha kapteni na kukalishwa pembeni yake, rubani msaidizi, pengine wa kijana uliyemfundisha mwenyewe.

Kaka wa mkewe, fundi wa injini katika shirika hilo, alikuja Jumapili mchana kumshawishi. Alikula kwanza, maana ushawishi na njaa haviendi pamoja.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, shemeji," alisema.

"Kwa hiyo ni lazima nianze na mistari mitatu?" kapteni aliuliza.

"Lazima. Ndiyo utaratibu."

"Hakuna anayerukishwa foleni?"

"Hata awe mtoto wa mwenye shirika."

"Na kuwa kapteni tena, itachukua muda gani?"

"Miaka, shemeji. Sikufichi. Waliotangulia ni wengi."

Kapteni aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza tena kama ni lazima kweli. Mkewe akaacha kutafuna. Aliolewa na mtu huyu akiwa na mistari miwili. Ule wa nne alimvalisha kwa mikono yake, mbele ya wakwe. Kumsikia akiuliza mara mbili mbili jinsi atakavyoshushwa kulimkata maini.

Sababu ya mumewe kuhama aliijua, au aliamini anaijua. Ni yule mwalimu aliyekuwa abiria wake. Alishikwa na kifua wakiwa angani, na daktari aliyekuwa miongoni mwa abiria hakuwa na dawa wala jibu. Kurudi walikotoka kulikuwa karibu, lakini ukungu ulikuwa umetanda. Mbele kulikuwa mbali kidogo, ila anga lilikuwa jeupe. Rubani msaidizi aligeuka akauliza: "Turudi au tuendelee, kapteni?" Kapteni akasema waendelee. Mwalimu alikata roho magurudumu yakigusa lami.

Shirika lake lilichunguza, likasema hakukosea, likampa mkono. Hata watoto wa marehemu walimwandikia kumshukuru kwa kujaribu. Lakini kazini, mkewe aliwaza, macho ya watu hayachunguzwi na kamati. Macho hayo ndiyo yanamfukuza.

Alhamisi, kabla usiku haujaingia, wakiwa wanakunja nguo, mkewe akamuuliza: "Baba Pacha, umeamua?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nisikuamulie. Kazi ni yako."

Kapteni alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Nitakwenda," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Mkewe alikwenda kulia bafuni. Aliona mume amekubali kudhalilika ili awe nyumbani na wanawe jioni, naye hakuwa tayari kula raha iliyopikwa kwa heshima ya mwenzake. Asubuhi alimvuta kaka yake wakaenda moja kwa moja kwa mkuu wa marubani wa shirika lile, mwanamama mwenye dawati safi na subira kidogo.

Alimweleza yote. Miaka ya mumewe angani, wanafunzi wake, uchunguzi uliomsafisha. Mkuu alisikiliza akichezea kalamu.

"Nimewahi kufuatwa na mbunge kwa ajili ya rubani," alisema, "na mchungaji pia. Na mke, leo ndiyo mara ya kwanza." Akacheka. Kisha akasema kuna ndege mbili zinakuja na makapteni hawatoshi. Utaratibu umewekwa na watu, na watu wanaweza kuupindisha.

Mama Pacha alirudi nyumbani karibu anakimbia. Kapteni alikuwa sebuleni, televisheni imezimwa, anaitazama.

"Hushushwi!" alisema, kabla hajavua viatu. "Mistari yako minne, kiti chako kilekile cha kapteni, tangu siku ya kwanza!"

Mapacha wakapiga makofi. Kapteni aligeuka polepole.

"Na ile nafasi ya msaidizi?"

"Wameshampa mtu mwingine. Yaani sasa hata wakitaka kukushusha, hawana pa kukuweka!"

Machozi yalimtoka papo hapo, ya kwanza tangu siku ya yule mwalimu. Mkewe alifurahi kuyaona. Akapiga magoti, akamkumbatia, akamwambia asante arudishe kwa Mungu, si kwake.

"Mama Pacha," alisema begani kwake, "mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili ya ile ya msaidizi. Nilitaka tu, ikitokea tena, mimi ndiye niwe wa kuuliza, si wa kujibu."