Nitafunga Baadaye

Saa sita mchana mfumo wa hospitali ukagoma tena, na foleni ya wagonjwa ikafika hadi mlangoni.

"Uuzime uuwashe, dada Mize," akasema Shebe wa mapokezi. "Si ndivyo tunavyofanya kila siku?"

Mize, fundi wa kompyuta, hakuuzima. Wiki nzima alikuwa akifuatilia namba moja tu kwenye skrini: mafaili yaliyo wazi. Kila mgonjwa akiandikishwa, programu hufungua faili lake na hailifungi. Yakifika elfu moja na ishirini na nne, mashine hukataa jingine.

Akashuka mstari kwa mstari ndani ya programu mpaka mahali faili linapofunguliwa. Chini yake ulitakiwa kuwepo mstari wa kulifunga. Badala yake aliyeiandika, marehemu Mbaruku, alijiwekea maneno: "Nitafunga baadaye."

Mize akacheka kicheko kikavu. Miaka tisa aliishi na Mbaruku, akampikia, akamfulia, na kila alipomtajia ndoa alijibiwa maneno hayohayo. Siku ya matanga shangazi yake Mbaruku alimwinua kwenye mkeka wa wafiwa: "Na wewe, ndoa mlifunga lini?"

Akaandika mstari uliokosekana, akauwasha mfumo upya. Namba ikapanda kwa moja, ikashuka kwa moja. Foleni ikasogea.

"Kumbe kitu chenyewe kidogo hivyo!" akasema Shebe.

"Kidogo tu."

Akaanza kuyafuta maneno ya Mbaruku kutoka mwishoni, herufi mojamoja. "Baadaye" ikaisha. Kidole kikasita juu ya "Nitafunga".