Zawadi ya Guru Mnandi

Kando ya mto Ganga aliishi ndege mkubwa aitwaye Mnandi, guru, yaani mwalimu, wa kupiga mbizi. Ndege mdogo aitwaye Kibisi alimjia na mzigo wa kuni, kama desturi inavyomtaka mwanafunzi, akajifunza mpaka akahitimu. Mchumba wake alikuwa akimngoja nyumbani, lakini guru hakumpa ruhusa.

"Kwanza nipe zawadi yangu ya kuagana."

"Zawadi gani, Guruji?"

"Utaijua. Tuzame."

Wakazama. Kibisi, kwa adabu, aliwahi kuibuka kabla ya guru, asije akamshinda mwalimu wake. Guru akaguna. "Rudi ukaokote kuni."

Kesho yake guru aliwahi kuibuka. Kibisi akawahi zaidi. Wakaendelea hivyo hata ikawa wanalowesha vichwa tu, na samaki wakawacheka.

Siku moja Kunguru akaita kutoka mtini, "We bwana harusi! Korongo amekwenda kumposa mchumba wako!"

Kibisi akazama kwa hasira, adabu akaisahau. Alipoibuka, guru alikuwa ameanika mabawa na yamekwisha kukauka. Kibisi akamwangukia miguuni.

"Nisamehe, Guruji! Nimekushinda!"

"Hatimaye!" guru akashangilia. "Nimekufundisha miaka yote hii ili unipite, nawe ukaninyima zawadi hiyo! Haya, mbio, umuwahi Korongo!"

Kunguru akacheka. "Mzee, umeshindwa na kile kibata?"

"Nimeshindwa, mwanangu. Watangazie wote. Ila jina ulitaje sawasawa: ni Kibisi, mwanafunzi wa Mnandi."