Mananasi ya Bi Jiko

"Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa nyumba hii mnatangaziwa kuwa leo jioni Bi Jiko ataoka mananasi kwa mara ya nne. Wenye meno ya bandia wayatoe mapema na kuyahifadhi mahali salama."

Kiranja alikuwa amesimama juu ya kigoda, mwiko mdomoni kama kipaza sauti. Wasikilizaji wake walikuwa wawili: mama yake wa kambo, aliyekuwa akimenya nanasi huku machozi yakimlengalenga, na paka, ambaye aliondoka.

"Shuka, mwanangu. Leo sina nguvu za kucheka."

"Hata zile mara tatu hazikuchekesha. Ile ya Jumanne nilidhani ni tofali."

Binti huyu aliitwa Kiranja kwa sababu huko shule ya bweni aliwahi kupewa ukiranja asubuhi na kuvuliwa kabla ya chakula cha jioni, kwa kosa la kumfungia mwalimu wa zamu stoo. Likizo hii alikuwa amekwisha kutia chumvi kwenye kopo la sukari. Kila alasiri alitoweka kwenda kwa jirani, fundi cherehani, ati kujisomea, jambo ambalo hakuna aliyeliamini.

Jina la Bi Jiko nalo alilibuni yeye. Mama wa kambo aliwahi kuuza majiko dukani kwa miaka minne. Oveni za maonyesho hazikupata kuoka hata andazi moja. Kazi yake ilikuwa kugeuza kitufe hadi kwenye alama ya taa, mwanga uwake ndani, mteja aone nafasi ilivyo kubwa, kisha yeye asifu. Alisifu vizuri mno, hata mgane mmoja, fundi wa pampu, akanunua oveni na baadaye akamposa muuzaji. Alikuwa amemwambia kwamba kwao huoka matunda kila Jumapili. Ulikuwa uongo wa biashara tu. Nani angejua ungemfuata hadi kwenye ndoa?

Wifi yake alikuwa ameunusa uongo huo tangu harusini. "Ndugu yangu ameoa mdomo," alisema mbele za watu. Leo alikuwa anakuja kuonja mwenyewe, na alikuwa ametaja anachotaka: mananasi ya moto, kama aliyokuwa akioka marehemu, mama mzazi wa Kiranja.

Chini ya kitanda kulikuwa na begi lililokwisha kufungwa. Mananasi yakiharibika leo, Bi Jiko asingengoja kuaibishwa tena. Angeondoka mumewe akiwa amekwenda kumsindikiza dada yake.

"Nanasi moja halipo," alisema, akipekua kikapu. "Nilinunua mawili."

"Labda limerudi shule," alijibu Kiranja. "Na lile begi chini ya kitanda, lenyewe linakwenda wapi?"

Bi Jiko alikisogeza kikapu kando. Alipanga vipande kwenye trei, akavifunika kwa unga uliovurugwa na siagi na sukari. Sukari aliionja kwanza. Mwisho kabisa, juu, akanyunyiza mdalasini.

Mlangoni ikasikika hodi.

Akapangusa mikono haraka kwenye kanga. Akasukuma trei ndani ya oveni, akafunga, akageuza kitufe. Mwanga ukawaka. Akashusha pumzi.

"Nenda ukakae na mgeni," alisema Kiranja. "Huku nitaangalia mimi."

Kumwachia Kiranja oveni hakukutaka. Lakini kule sebuleni sauti ilikwisha kuuliza, "Mwenye nyumba yuko wapi, au amerudi dukani?"

Akaenda. Akaamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, vidole vimesokotana. Mumewe alizungumzia pampu. Wifi alizungumzia pua yake.

"Mbona sisikii harufu?"

"Subiri, dada, yataiva," alisema mume.

Mlango wa uani ukabamizwa. Bi Jiko akainuka nusu.

"Kaa, wifi. Au mananasi yako hayaivi mpaka yaitwe kwa jina?"

Akakaa. Kichwani alikuwa ameshaliburuta begi, ameshafika barabarani. Alijiuliza kama angeaga, au angeacha ufunguo mezani tu.

Kiranja akaingia akihema, mabakuli manne kwenye sinia, mvuke ukipanda. Alikuwa na unga kwenye nywele. Kwa mara ya kwanza likizo nzima, hakutangaza chochote.

Wifi akachota kijiko. Akatafuna. Akachota kingine. Akaparuza bakuli.

"Mdalasini umeuweka chini ya matunda," alisema polepole. "Marehemu ndiye pekee niliyemwona akifanya hivyo. Nani amekufundisha?"

Bi Jiko alichimbua matunda kwenye bakuli lake kwa kijiko.

"Nimesema mengi juu yako," wifi aliendelea, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Akanyoosha bakuli. "Niongeze kidogo."

Bi Jiko alilipokea bakuli, akatembea hadi jikoni. Mwanga wa oveni ulikuwa bado unawaka. Akagusa kioo: baridi. Ndani, trei yake ilikuwa vilevile alivyoiacha, unga mweupe, siagi haijayeyuka, mdalasini juu.

Kitufe kilikuwa kwenye alama ya taa.

Nyuma yake Kiranja alikuwa amesimama, ananyonya kidole kilichoungua.

"Basi, nimeshikwa," alisema. "Nanasi nililiiba mimi. Nimeoka kwa fundi cherehani, kwenye oveni yake, kule kule nilikokuwa nikijizoeza kila alasiri. Nguo zako nimezirudisha kabatini, ila begi, Mama, nilibebea trei ikiwa bado ya moto, limetoboka kitako. Halifai tena kwa safari."