Upande wa Riziki

Kompyuta ya nyumba ile ilikuwa moja, lakini ndani yake mlikuwa na mifumo miwili: ukiiwasha, inakuuliza unaingia upi. Mmoja ulikuwa wa Sudi, wa pili wa mkewe Riziki, mtunzi wa majina ya kanga, ile misemo inayochapwa juu yake.

"Ni kama vyumba viwili, mke wangu," Sudi alimwambia siku alipoipanga. "Hakuna mlango katikati."

Mlango ulikuwapo. Akiwa upande wake, Sudi aliweza kufungua faili zote za Riziki, akasoma, akanakili. Majina kadhaa alishampelekea mwenye kiwanda cha kanga kama yake mwenyewe, na wanawake wa mjini waliojitanda kanga hizo walimwambia Riziki, "Mumeo ana maneno huyo!" Riziki akicheka nao.

Asubuhi moja mwenye kiwanda alitaka jina jipya. Sudi akaingia upande wake, kisha akapenya mpaka kwa mkewe. Folda ya majina ilikuwa imefagiliwa, imebaki faili moja tu. Akaifungua.

KARIBU NIMESHASEMA, HODI NINAINGOJEA.

Akasoma tena. Chumba cha pili, cherehani ya Riziki iliyokuwa ikinguruma ikanyamaza.

"Umelipata, Baba Mwanate?" Riziki alimuuliza mumewe kutoka huko, kwa upole.

Sudi alikosa pa kuutia uso wake. Akakunja kidole, akakiinua juu ya ubao wa meza kama mtu anayetaka kubisha, kikabaki pale pale, hewani. Cherehani haikuanza tena.