Kijiti cha Kiberiti

Nilizima umeme, nikachomoa kitufe cha kuongezea mwendo wa cherehani ili nipulize nyuzi zilizojazana ndani. Chini yake nikakuta kijiti cha kiberiti kimegandishwa kwa gundi.

Mume wangu ni fundi umeme. Siku aliponifungia mota kwenye cherehani, aliweka na hicho kitufe, akaandika namba kukizunguka kwa rangi yangu ya kucha, moja hadi tano.

"Tano ndiyo mwisho wake, mama watoto," aliniambia.

Nikashona kwenye tano hadi mgongo ukawaka moto, na bado nguo hazikutoka kwa wakati. Wateja wakahamia kwa wifi yangu. Mume wangu akawa anawaambia wageni, nimekaa hapo hapo, kwamba mke wake ana mkono mzito. Walicheka. Na mimi nilicheka.

Nilikibandua kijiti kwa ncha ya mkasi, nikarudisha kitufe, nikawasha na kukizungusha. Kikapita tano bila kukwama, kikaenda hadi pasipo na namba yoyote.

Mota ikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba ile. Kitambaa kilikimbia chini ya sindano, na vidole vyangu vikakifuata bila taabu.

Kule sebuleni mazungumzo ya mume wangu na wageni yakakatika.

"Mama watoto," aliita, "punguza mwendo. Utajitoboa kidole."

"Namalizia," nikamjibu.

Sikupunguza. Nilikuwa nashona mfuko wa kubebea cherehani.