Pumzi Kabla ya Kiitikio

Kinanda cha marehemu kaka yake Rukia kiliungua, nyimbo zikasalia kwenye disketi ambazo kinanda hicho tu kiliweza kuzicheza. Rukia akaunda ndani ya kompyuta programu ya kukiigiza kinanda hicho, kisha akamwita mjane wa kaka yake, Bi Siwatu, aliyekuwa mwimbaji wake na ambaye hakuwa ameimba tangu mazishi.

Ngoma ikalia kutoka kwenye kompyuta.

"Mume wangu huyo?" Bi Siwatu aliguna. "Huyu anakimbia kama kafunguliwa mbwa!"

Rukia alinuna, lakini akaikagua saa inayoendesha mapigo ya kinanda kile cha kompyuta. Ili kurahisisha hesabu, alikuwa amekata chembe ya muda katika kila pigo. Akazirudisha chembe zote.

"Haya wifi, sikiliza tena."

Safari hii ngoma ilitembea. Ilipokaribia kiitikio ikasita kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake. Bi Siwatu alifumba macho, akavuta pumzi.