Mkono wa Shemeji

Fundi aliigonga bodi kwa mpini wa bisibisi, taa ya amplifaya ikazimika. Akagonga tena, ikawaka.

"Nimeupata ugonjwa," akasema. "Na aliyeuleta nimempata."

Mwenye amplifaya, Mama wa Spika, alisogeza kiti. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya muziki kwa wenye sherehe, na amplifaya hiyo ilikuwa imemwaibisha mbele ya bibi harusi.

Fundi, ambaye amplifaya za namna hiyo zilipita mezani pake kila wiki bila kuzikumbuka, alitoa lenzi kwenye kitambaa chake laini. Aliitunza kwa ajili ya kukagua kazi za wengine. Kwa kazi zake mwenyewe hakuwahi kuona haja. Chini ya kioo kulikuwa na kiungo kimoja cha risasi ya kulehemu kilichofura, kimefifia kama uji uliopoa, na ufa umeuzunguka mguu wa kipuri. Mtu aliyeyusha risasi kwenye ncha ya chuma cha kulehemu akaidondosha juu, bila kuipasha moto shaba ya bodi. Risasi ilikaa, lakini haikushika.

Pembeni yake kulikuwa na viungo vingine vidogo, vinavyong'aa, kila kimoja kimeukumbatia mguu wake sawasawa. Hivyo vingine alivipita haraka. Vya kiwandani hivyo, alijisemea, mkono wa binadamu hauendi vile.

"Ilitengenezwa mwezi uliopita," Mama wa Spika akaanza. "Nilimtuma dereva wangu, sasa kosa ni lilelile. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, maana nilitaka—"

"Usinitajie jina, mama. Mkono huo naujua."

Ulikuwa mkono wa shemeji yake. Fundi ndiye aliyemfundisha kazi mdogo huyo wa mke wake, tangu hajui waya wa moto ni upi, naye kijana akaenda kufungua duka ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Alihesabu kila mgongo uliovuka barabara na redio. Nyumbani mke akisema, "Mdogo wangu leo kakosa hata nafasi ya kula, wateja wamejaa," aliisukuma sahani kando. Ulikuwa wivu, tena wivu wa kijicho, na yeye mwenyewe alijua. Siku hizi kila kitu kilimuudhi: balbu zimefifia, risasi za madukani ni za bandia, kelele za duka la pili zinamtoa mkono kazini.

"Mimi nataka fundi mmoja tu wa kumwamini," Mama wa Spika alisema. "Nikimpata, vyombo vyangu vyote ni vyake."

Vyombo vyote! Duka lake lingefufuka, na la ng'ambo lingebaki na redio za mbao.

"Basi twende ukamwone huyo usiyepaswa kumwamini." Akaikwapua bodi.

"Baba, ngoja kwanza nikwambie—"

"Utaniambia hukohuko."

Benchi la shemeji lilikuwa limejaa watu. Kijana aliinuka. "Shikamoo, shemeji."

Fundi hakuitikia. Aliiweka bodi mezani na lenzi juu yake. "Nilikufundisha nini cha kwanza kabisa?"

"Kupasha mguu na shaba pamoja, ndipo risasi ifuate."

"Na hiki ni nini?"

Shemeji aliinama. Alikitazama kile kilichofura, akavitazama vile vinavyong'aa, akarudi kwenye kile cha kwanza. Alipoinua kichwa hakuitazama bodi tena, alimtazama fundi machoni, kwa muda.

"Shemeji," akasema polepole, "tuingie ndani tuzungumze."

"Hapahapa! Wasikie! Aliyelehemu hivi si fundi. Anawaibia watu. Angekuwa na haya angefunga duka leo hii, akatafute kazi ya kubeba matofali!"

Watu waliguna. Mzee mmoja aliichukua redio yake mezani kimyakimya. Fundi aliuona moyo wake ukifunguka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alisikia utamu kama huo.

Shemeji aliwatazama wateja wake, kisha akainamisha kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Ni mimi. Nisamehe, shemeji."

"Mmesikia!" fundi akapaza sauti.

"Wewe umeigusa lini?" Mama wa Spika alimshangaa kijana. "Dereva wangu hajawahi kuipeleka kwa fundi mwingine. Viungo hivi vyote ni vya huyu baba: vile vinavyong'aa vya miaka ya nyuma, na hiki cha mwezi uliopita."